Kijiti Kimechoka

Jumatatu, 3 Machi

Fundi bomba ameniagiza niandike namba za mita ya maji kila jioni, bomba la mwisho likishafungwa, na kila asubuhi kabla mtu hajanawa uso. Nimechukua daftari ninaloandikia vipimo vya wateja wangu wa nguo, nikaligeuza nyuma mbele. Nimeandika namba za jioni hii. Halafu nikaona ukurasa umebaki mweupe na mimi nina mengi kifuani, nikaendelea.

Bili ya maji ya mwezi uliopita ilikuja kama ya hoteli. Tunaishi wawili tu humu, Mama na mimi, na cherehani yangu hainywi maji. Jana Kaka alikuja, akaisoma amesimama, akasema maneno aliyokuja nayo tayari mdomoni: "Mama anaacha mabomba wazi. Na wewe umeinamia cherehani, huoni."

Kweli Mama anasahau. Wiki iliyopita nilikuta sukari kwenye droo ya mikasi. Huniita kwa jina la dada yake, kisha ananiita Kitinda, kwa kuwa mimi ndiye wa mwisho kuzaliwa, kisha anacheka mwenyewe. Lakini bomba hajawahi kuliacha wazi. Mtu aliyelea watoto kwa maji ya kubeba kichwani haachi bomba wazi hata akisahau jina lake.

Mama alikuwa kwenye kiti chake akatusikia. Akasema, "Si bomba. Kijiti kimechoka."

Kaka akanitazama kwa jicho la "umesikia mwenyewe?" Akasema mvua zikiisha atakuja na gari kumchukua Mama akaishi kwake. Mama akasema haendi popote. Kaka akambusu kipaji cha uso na kuondoka, maana kwake jambo likishatamkwa limekwisha.

Jumanne, 4 Machi

Namba zimesonga usiku kucha wakati sote tumelala. Nimempigia Kaka. Amesema nimesoma vibaya.

Alhamisi, 6 Machi

Mvua. Namba zimesonga. Ukuta wa chumba cha Mama, upande wa chini, umefanya ukungu. Jirani amesema ni mvua hii, kuta zote zinalia. Namba za mita nazo zinasukumwa na mvua?

Jumamosi, 8 Machi

Fundi amekuja. Namwita Polepole, si mbele yake. Anatembea polepole, anaongea polepole, chai yangu ameinywa mpaka nikadhani amelala. Lakini alipofika kwenye mita alifunga mabomba yote, akachuchumaa, akaniita. Ndani ya mita, chini ya namba, kuna kigurudumu kidogo chekundu. Kilikuwa kinazunguka.

"Hakuna bomba lililo wazi, dada," akasema. "Na hiki kinazunguka. Kikulacho ki nguoni mwako."

"Kiko wapi, sasa?"

"Ndiyo kazi yenyewe."

Akafunga koki ya ukutani inayoingiza maji ndani ya nyumba. Kigurudumu kikasimama. Kwa hiyo uani hakuna kitu, mwizi yumo ndani. Ameniambia nianze na choo, kwa sababu mpira wa ndani ya tangi ukilegea maji hupita kimya kimya na hakuna anayejua. Nitie rangi kwenye tangi, nisivute, nisubiri. Rangi ikishuka chini yenyewe, mpira umekufa. Yeye ana kazi nje ya mji, atarudi baadaye.

Mama alimfuata mpaka mlangoni. "Fundi, kijiti kimechoka." Fundi akajibu "Ndiyo, mama," kama anavyojibiwa mtoto. Mimi nikacheka. Nilicheka kwa aibu, lakini nilicheka.

Jumapili, 9 Machi

Jirani anayeoka keki amenipa rangi nyekundu. Nimeimimina kwenye tangi, nikamwacha Mama na chai yake, nikaenda kupeleka sare za wanafunzi. Niliporudi, maji ya chooni yalikuwa mekundu mpaka juu. Sijawahi kufurahia uchafu kiasi hicho. Nimevuta maji na kuagiza mpira mpya.

Jumatano, 12 Machi

Mpira umewekwa. Namba za asubuhi zimesonga kidogo kuliko mwanzo, ila zimesonga. Choo kilikuwa mwizi mdogo, mkubwa bado yumo.

Alhamisi, 13 Machi

Mvua. Mama hajala.

Ijumaa, 14 Machi

Mvua. Mama amekula kijiko kimoja cha uji, kwa kunifurahisha mimi.

Jumamosi, 15 Machi

Siku nzima Mama hajataja kijiti. Nilikuwa nimechoshwa na hicho kijiti chake, leo nimekitafuta kinywani mwake kama pete iliyopotea. Nimemwambia mwenyewe, "Mama, kijiti je?" Amesema, "Kijiti kitu gani, mwanangu. Mambo ya dunia."

Jumapili, 16 Machi

Kaka amekuja na Wifi. Wifi ameshatundika mapazia kwenye chumba watakachompa Mama, ametuletea kipande cha kitambaa tukione. Nilikaa nikisubiri Mama awatimue, kwa sababu Mama wangu akikataa jambo hata ukuta unasogea.

Mama akashika kile kitambaa, akakitazama, akasema, "Sawa. Nitakwenda."

Kaka naye alishangaa, nilimwona. Nikamsindikiza mpaka nje nikamtolea yote. Nilimwambia hamtaki Mama, anataka nyumba. Nilimwambia mtoto anayekuja Jumapili hadi Jumapili hawezi kujua mtu anayeacha bomba wazi. Wifi alijifanya anatafuta kitu kwenye mkoba. Kaka akasema taratibu, "Usipoziba ufa utajenga ukuta, mdogo wangu." Nikamjibu ufa tunao na ukuta tunao, yeye anachotaka ni kumhamisha anayeishi nao. Akaingia garini bila kuniaga.

Nimerudi ndani nimemkuta Mama amekaa vilevile. Nilikuwa na hasira naye kuliko Kaka. Mtu unampigania, yeye anakubali kirahisi hivyo!

Jumanne, 18 Machi

Wateja wasije wakakuta ukurasa huu.

Mchana nilimkuta Mama ametandika nguo zake zote kitandani. Nilidhani anafunga mizigo ya kwenda kwa Kaka. Lakini hakuwa anafunga, alikuwa anagawa. Mafungu mawili, langu na la Wifi, na pembeni gauni la kijivu nililomshonea mwaka juzi, limekunjwa peke yake.

"Hilo la nani, Mama?"

"Hilo mtanivalisha mimi."

Nikakaa. Nikamwambia aache mzaha. Akafunga mlango, ingawa tulikuwa wawili tu ndani, akaniambia kwa sauti ya chini kwamba anatoka damu. Nyingi. Aliiona chooni Jumapili ile, chombo chote chekundu, na yeye hakuhisi maumivu yoyote, na mtu asiyehisi maumivu ya damu nyingi kiasi hicho, akasema, ujue mwili umeshajifungasha. Hajataka kumwambia mtu. Kaka akijua atampeleka kwake siku hiyohiyo.

"Na mbona juzi ulikubali kwenda?"

"Kwa sababu yako. Unakaa peke yako na mimi humu. Sikutaka unikute wewe peke yako asubuhi."

Siku zote hizo! Hali, hanywi, anakwenda chooni bila kutazama chini, na mimi niko chumba cha pili nabana marinda na kulaumu mvua. Mficha maradhi kifo humuumbua, wanasema, na huyu hakuwa hata na maradhi.

"Mama," nikasema, "ile ni rangi."

"Rangi gani?"

"Ya keki. Niliitia mimi. Fundi alisema tuone kama tangi linavuja."

Niliona uso wake ukirudi mahali pake. Kisha akasema, "Nimekaa siku zote hizi nakufa kwa rangi ya keki?" Tukacheka mpaka nikamshika asianguke kitandani juu ya mafungu yake. Nikalia pia, naandika ukweli.

Halafu akaacha kucheka. "Unamimina rangi chooni kwangu huniambii. Ungekuwa unaishi na mtu mwenye akili zake, ungemwambia."

Ni kweli. Sikusahau kumwambia, sikuona haja. Mimi ninayemwambia Kaka kwamba Mama ana akili timamu, nilishamfuta kwenye orodha ya watu wa kuambiwa mambo ndani ya nyumba yake mwenyewe.

Nikamwomba msamaha. Kisha nikamuuliza swali ambalo nilipaswa kuuliza siku ile ya kwanza: "Mama, kijiti gani?"

Jumatano, 19 Machi

Jana nilichoka kuandika. Haya ndiyo aliyoniambia, na aliyasema bila kukosea hata mahali pamoja.

Hapo kilipo kitanda chake zamani palikuwa uani. Palikuwa na bomba, ndipo alipooshea vyombo. Baba, aliyeijenga nyumba hii kwa mikono yake, akaongeza chumba juu ya uwanja ule. Alikata lile bomba chini ya usawa wa ardhi, lakini kofia ya chuma ya kulizibia hakuwa nayo, maduka yamefungwa, na saruji imeshachanganywa inamsubiri. Basi akachonga mti, akauvika mpira wa tairi la baiskeli, akaugongomea kwenye mdomo wa bomba. Akasema ni kwa muda tu. Akamwaga sakafu juu yake.

"Nilimwambia utasahau," Mama akasema. "Akaniambia, nikisahau wewe utanikumbusha. Nikamkumbusha mpaka siku anakufa."

Ijumaa, 21 Machi

Nimempigia Kaka nikamweleza yote, rangi na kijiti. Habari ya rangi aliiamini. Ya kijiti hakuiamini. "Jumanne hiyohiyo," akasema, "Mama alinieleza kwamba Baba amepita kumsalimia. Nichague lipi la kuamini?" Sikujua kwamba wanaongea kwa simu siku za kazi. Kumbe humpigia kila mchana wakati mimi nimekwenda dukani kununua uzi.

Atakuja na gari Jumamosi ya wiki ijayo, mvua iwepo isiwepo. Mama ametamka mwenyewe mbele ya watu kwamba atakwenda, anasema, na neno la Mama ni neno. Anapotaka liwe neno!

Jumapili, 23 Machi

Mvua. Namba zimesonga.

Jumatano, 26 Machi

Polepole amerudi. Nimemwambia kuhusu kijiti, na safari hii sikucheka, naye hakucheka. Ameleta nondo, akaisimamisha sakafuni akaweka sikio kwenye ncha ya juu. Kutwa mvua ilikuwa inapiga bati. Amesogeza nondo kila kona, hasikii kitu isipokuwa paa.

"Mvua ikinyamaza nitasikia," akasema.

Mwezi mzima naomba mvua isiishe, ili Mama asichukuliwe. Leo nimesimama mlangoni naiomba ikome. Mungu atakuwa ananiona sijielewi.

Ijumaa, 28 Machi

Mbingu zimenyamaza alasiri. Polepole akaja mbio, kama anaweza kuitwa mtu wa mbio. Tulisogeza kitanda. Mama akaja na kandambili zake, akagonga sakafu kwa kidole gumba cha mguu. "Hapa."

Fundi akasikiliza hapo, akasikiliza ukutani, akakuna kichwa. Maji anayasikia. Lakini sauti ya maji, amesema, hutembea na bomba, yaweza kuwa hapo, yaweza kuwa hatua mbili mbele chini ya ukuta. Havunji sakafu ya chumba cha mzazi mpaka mwana mkubwa akubali. Mama akamwambia mwenye nyumba ni yeye. Fundi akasema, "Najua, mama. Lakini atakayenigombeza ni yeye."

Jumamosi, 29 Machi

Kaka alifika asubuhi na gari la kukodi. Alimkuta Mama chumbani, amekaa kwenye kigoda juu ya pale alipopaonyesha, na fundi ukutani na vifaa vyake kama mshitakiwa.

"Mama, ulisema utakwenda."

"Nilisema nikiwa nakufa. Sifi tena. Vunja hapa kwanza."

Kaka akachuchumaa mbele yake. Sikuwahi kumsikia akiongea hivyo, hakuwa na ile sauti yake ya ofisini. "Tukivunja, Mama, na pasiwe na kitu?"

"Nitapanda gari bila neno."

Nilitaka kumziba mdomo. Nyumba nzima, maisha yake yote humu, ameyaweka juu ya nafasi ya kigoda kimoja, kwa kumbukumbu ile ile inayoweka sukari kwenye mikasi.

Kaka akamwinua taratibu, akamkalisha kitandani. Akavua shati. Fundi akashika tindo, Kaka akamnyang'anya. Akapiga mwenyewe. Fundi alikuwa anamwelekeza, "Punguza, punguza, chini kuna bomba," na Kaka hapunguzi. Sikujua kama anapiga akitaka pawe na kitu au pasiwe. Sasa nadhani najua.

Saruji ikatoka vipande. Chini mchanga ulikuwa umelowa, mweusi. Kaka akaingiza mkono akafukua, na maji yakaanza kujaa polepole katika lile shimo. Kisha akaacha kufukua.

Bomba lilikuwa limesimama hapo, na mdomoni mwake kijiti, cheusi, kimevimba, mpira umebaki nyuzi nyuzi. Maji yalikuwa yanatoka pembeni mwake taratibu, bila haraka yoyote.

Fundi akakimbilia koki ya ukutani. Kaka akakichomoa kijiti, akakifuta kwenye suruali, akakigeuza. Upande mmoja kulikuwa bado na rangi, ile ya kijani ya mpini wa ufagio.

"Huu ufagio niliukata mimi," akasema. "Baba aliniambia nilete mti. Nikakata ufagio wa jikoni." Alikuwa hamtazami mtu. "Nikapigwa."

"Nilikupiga kwa sababu ufagio ulikuwa mpya," Mama akasema kutoka kitandani.

Kaka alikaa chini kwenye mchanga ule na suruali yake ya heshima, akafunika uso. Alikuwepo siku ile. Aliona kwa macho yake, akasahau. Mama ndiye aliyekumbuka.

Jumapili, 30 Machi

Kofia ya chuma imewekwa. Kigurudumu chekundu kimesimama. Namba za asubuhi ni namba za jana jioni. Gari liliondoka tupu. Kaka amebaki kuchanganya saruji, vibaya, fundi amerudia kazi yake yote. Nimemwomba radhi kwa yale maneno ya nyumba. Amesema, "Nilikuwa naogopa ataanguka na wewe uko sokoni. Sikujua namna nyingine ya kusema." Kijiti tumekianika dirishani.

Jumanne, 1 Aprili

Namba hazikusonga.

Jumamosi, 5 Aprili

Namba hazikusonga. Ukuta unakauka. Mama anakula mpaka namnyang'anya sahani kwa utani.

Jumatano, 9 Aprili

Zilezile. Jua.

Jumatatu, 14 Aprili

Nilikuwa natia uzi kwenye sindano. Mama akatoka chumbani, akasimama mlangoni, akasema, "Kijiti kimechoka."

Nilidhani ananitania. Nikamwambia, "Kimestaafu, Mama, kinakula pensheni dirishani." Hakucheka. Akasema anasikia maji. Nikaacha sindano nikatoka. Kigurudumu kimesimama. Nikasubiri hapo juani. Kimesimama.

Jumanne, 15 Aprili

Amesema tena, asubuhi na alasiri. Nilimpeleka dirishani nikamwekea kijiti mkononi. Nikamwonyesha pale kilipochomolewa, nikamwonyesha saruji mpya. Alikigeuza geuza.

"Sasa maji yanazuiwa na nini?"

"Kofia ya chuma, Mama."

"Nani ameiweka?"

"Kaka na fundi."

Akatulia, uso ukamng'aa. "Afadhali. Baba yenu akirudi jioni atafurahi."

Nikamwambia ndiyo, atafurahi.

Jumatano, 16 Aprili

Leo sikumpigia Kaka. Alipopiga nimesema tuko salama. Nilimchukia kwa kusema Mama hana kumbukumbu, sasa mimi ndiye ninayeficha. Nadhani hivi ndivyo Mama alivyojisikia na ile damu yake.

Alhamisi, 17 Aprili

Nimempigia. Nilimweleza yote, na kijiti, na Baba wa jioni. Nilingoja aseme alinionya. Nilikuwa hata na jibu.

Hakusema hivyo. Akauliza, "Mita umeitazama?"

"Nimeitazama."

"Imesimama?"

"Imesimama."

"Kabisa?"

"Kabisa, Kaka."

Nikasikia watu wa ofisini kwake wakiongea nyuma. Kisha akasema hatamhamisha. Jumamosi ataleta godoro lake, atakuwa analala kwetu mwisho wa kila wiki, na Wifi atakuja siku za katikati ili mimi nitoke nipumue. "Akisema kijiti," akaniuliza, "unamjibu nini?"

"Namwambia kimebadilishwa."

"Basi kesho mwambie tena."

Jioni hii nimekwenda kwenye mita ingawa fundi alishaniambia niache kuandika. Nilichuchumaa pale mpaka miguu ikafa ganzi. Mwezi mzima nilikuwa nikikiomba kigurudumu kile kisimame, na leo ningetoa chochote kizunguke, hata kidogo tu.

Namba ni zilezile.